Maduka Chini ya Msikiti: Somo Kutoka Majengo ya Mimar Sinan na Matetemeko ya Uturuki



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Wapenzi ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, katika miji yetu mingi ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu utakuta msikiti wenye milango ya maduka chini yake au ubavuni mwake. Kodi ya maduka hayo hulipa umeme, maji na posho ya walimu wa madrasa. Jambo hili si geni katika historia yetu. Lina umri wa karne nyingi, na moja ya sehemu lilipostawi sana ni mji wa Istanbul, mji uliojengwa jirani na ufa mkubwa wa ardhi unaoleta matetemeko mara kwa mara.

Katika makala hii tutaangalia jinsi Waislamu wa karne ya 16 walivyounganisha ibada, elimu, matibabu na biashara katika majengo yaliyoweza kusimama juu ya ardhi inayotikisika. Kisha tutaona jinsi mpango huo huo wa duka chini na watu juu ulivyokuja kuwa sababu ya vifo vya watu wengi mwaka 1999 na mwaka 2023. Tofauti iko wapi? Hilo ndilo swali letu.

KIYAMA KIDOGO, MWAKA 1509

Usiku wa tarehe 10 Septemba 1509, zama za Sultan Bayezid II, Istanbul ilipigwa na tetemeko kubwa kiasi kwamba watu wa wakati ule waliliita "Kiyama Kidogo". Maelfu ya watu walifariki. Nyumba zaidi ya 1,000 zilianguka, na misikiti mingi iliharibika. Hata msikiti wa Fatih, uliojengwa na Sultan Muhammad aliyeufungua mji huo, uliharibika. Mwaka uliofuata Sultan alikusanya maelfu ya mafundi na vibarua kutoka sehemu mbalimbali za dola ili kuujenga mji upya.

Kwa hiyo mafundi wa kizazi kilichofuata hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba ardhi ya Istanbul inatikisika. Walirithi mji wenye nyufa. Mkubwa wao alikuwa Sinan.

SINAN NI NANI?

Sinan alizaliwa karibu na mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri, katika familia ya Kikristo. Alichukuliwa kijana kuingia katika utumishi wa dola, akasilimu, akawa askari wa kikosi cha Janisari. Huko vitani ndiko ufundi wake ulikoonekana. Mwaka 1538, jeshi la Sultan Sulayman lilipokwama kwenye mto Prut, Sinan alisimamia ujenzi wa daraja lililokamilika kwa siku zipatazo 13. Mara baada ya hapo akateuliwa kuwa mkuu wa wajenzi wa dola. Ndiyo maana anaitwa Mimar Sinan, yaani Sinan Mjenzi.

Alishika kazi hiyo kwa takriban miaka 50, chini ya masultani watatu, mpaka alipofariki mwaka 1588. Kazi zinazonasibishwa kwake ni zaidi ya 300: misikiti, madrasa, madaraja, mifereji ya maji, mabafu na hospitali.

Jambo moja wanafunzi walizingatie. Sinan alijifunza sana kutokana na majengo yaliyomtangulia, hasa Aya Sofia, ambayo kuba lake la kwanza lilianguka mwaka 558 baada ya kudhoofishwa na matetemeko. Sinan mwenyewe, zama za Sultan Selim II, aliliimarisha jengo hilo kwa kuliongezea nguzo nzito za kuegemeza kwa nje. Alikuwa anajua vizuri mahali kuba linapoanza kushindwa.

SULAYMANIYYA: MJI NDANI YA MJI

Mwaka 1550 Sinan alianza kazi ya Sulaymaniyya juu ya kilima kinachotazama bandari, na msikiti ukakamilika mwaka 1557. Wengi wetu tumeuona katika picha: kuba kubwa lenye upana wa takriban mita 26 na urefu wa takriban mita 53 kutoka sakafuni, na minara minne. Lakini anayeutazama msikiti peke yake ameona sehemu ndogo tu. Kuzunguka msikiti kulijengwa:

- Madrasa nne za elimu mbalimbali, na nyingine maalumu ya Hadithi
- Chuo cha tiba na hospitali
- Skuli ya watoto wadogo
- Jiko lililopikia wanafunzi, wafanyakazi, wasafiri na maskini
- Nyumba ya kupokea wageni na mahali pa kufunga wanyama wao
- Bafu la umma
- Maduka yaliyopangwa barabarani, mengine chini kabisa ya madrasa

Hadithi ya ujenzi wake imehifadhiwa katika daftari za hesabu. Mafundi zaidi ya 3,500 walifanya kazi pale, takriban nusu yao wakiwa Wakristo na nusu Waislamu. Malipo yaliandikwa, mawe yaliandikwa, chuma kiliandikwa. Uaminifu wa jengo ulianzia kwenye daftari.

Tazama pia namna kilima kilivyotumika. Ardhi ni ya mteremko, na Sinan hakuisawazisha yote. Baadhi ya madrasa zinashuka ngazi kwa ngazi kufuata mteremko. Mahali pengine alijenga vyumba vya dari la tao chini, vikawa maduka, na juu yake vikakaa vyumba vya wanafunzi. Duka halikuchimbwa ndani ya jengo baadaye. Lilikuwa sehemu ya mguu wa jengo tangu siku ya kwanza.

MSIKITI JUU YA SOKO

Mfano ulio wazi zaidi ni msikiti wa Rustem Pasha, waziri mkuu na mkwe wa Sultan Sulayman, uliojengwa na Sinan mwanzoni mwa miaka ya 1560 katika soko la Tahtakale, karibu na bandari. Pale ni mahali pa msongamano: viungo, vyombo, mizigo, wapagazi. Kiwanja cha wazi hakipo.

Sinan aliunyanyua msikiti mzima juu ya ukumbi wa maduka na maghala yenye dari za tao. Ukitoka sokoni unapanda ngazi nyembamba, ghafla unajikuta katika uwanja tulivu mbele ya msikiti uliojaa vigae vya Iznik. Chini wanauza na kununua, juu wanasali, na kodi ya walio chini inawahudumia walio juu. Miaka michache baada ya msikiti wa Selimiye kukamilika katika mji wa Edirne, liliongezwa soko refu la maduka zaidi ya 100 chini ya uwanja wake, kwa mpango huo huo wa kuuingizia msikiti mapato.

UFUNDI WA KUKABILI TETEMEKO

Tetemeko halilisukumi jengo kutoka juu, bali huisogeza ardhi chini yake kulia na kushoto kwa ghafla. Jengo zito hubaki nyuma kidogo, kisha hufuata, kisha hurudi. Jengo lisiloshikamana hufunguka kama kikapu kilichokatika kamba. Mafundi wa Sinan walikabiliana na hali hiyo hivi:

1. Chuma na risasi. Mawe makubwa yaliunganishwa kwa vibanio vya chuma, kisha madini ya risasi iliyoyeyushwa yakamiminwa kwenye matundu. Chuma hushika jiwe kwa jiwe. Risasi ni laini, hukubali kusogea kidogo bila kuvunja jiwe, na hukinga chuma kisipate kutu.

2. Chokaa ya Khurasani. Hii ni chokaa iliyochanganywa na unga na vipande vya tofali na vigae vilivyopondwa. Hukauka polepole na haiwi ngumu kupita kiasi, na tofali zilizovunjika hupata kazi ya pili badala ya kutupwa.

3. Uzito kupungua kadiri unavyopanda. Nguzo na kuta za chini ni za mawe mazito, ilhali kuba ni la tofali za kuchoma, nyepesi zaidi.

4. Nguvu kushushwa kwa hatua. Kuba kubwa la Sulaymaniyya limebebwa na nguzo nne kubwa sana. Nusu kuba mbili hulisaidia mbele na nyuma, na nguzo za kuegemeza zimefichwa ndani ya kuta za pembeni. Msukumo unagawanywa mpaka ufike ardhini.

5. Ulinganifu. Upande wa kulia unafanana na wa kushoto, kwa hiyo jengo likitikiswa halijipindi.

Na la muhimu kwa mada yetu: sehemu ya chini, yenye maduka, ilikuwa na kuta nene kuliko sehemu zote na milango ya tao isiyo mipana. Mwenye duka alipata nafasi ile ambayo jengo liliweza kumpa bila kudhurika.

KODI ILIYOLIPA MATENGENEZO

Ndugu msomaji, tusije tukadhani kwamba majengo haya hayakuguswa. Moto mkubwa wa mwaka 1660 uliidhuru Sulaymaniyya. Tarehe 22 Mei 1766 tetemeko kubwa liliipiga Istanbul, na sehemu ya kuba lake ikaanguka. Tetemeko hilo hilo liliuangusha msikiti wa Fatih kiasi kwamba ilibidi ujengwe upya kwa ramani nyingine, ukakamilika mwaka 1771. Karne ya 20 ilileta moto mwingine uani kwa Sulaymaniyya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na kila baada ya msiba, jengo lilitengenezwa. Ukarabati mkubwa wa karibuni ulimalizika mwaka 2010.

Basi ufundi ni nusu ya siri. Nusu ya pili ni wakfu. Hati za wakfu za misikiti mikubwa ziliorodhesha mapato ya vijiji, mabafu na maduka, kisha zikaorodhesha watumishi. Pamoja na imamu, muadhini, mwalimu na mpishi, waliwekwa pia fundi wa matengenezo na fundi wa mabati ya risasi yanayofunika makuba. Watu hawa hawakusubiri jengo liporomoke ndipo waitwe. Kazi yao ilikuwa kuona tone la mvua kabla halijawa ufa.

Wanafunzi wa fiqhi mnajua hukumu yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikihukumiwa katika dola ya Uthmaniyya, wamesema kwamba mapato ya wakfu huanza kwanza kutumika katika kuitengeneza mali yenyewe ya wakfu, hata kama aliyeiweka hakutaja sharti hilo. Sababu iko wazi. Aliyeweka wakfu alikusudia thawabu ya kudumu, na kitu kilichoanguka hakidumu.

MAJENGO YALIYOANGUKA MWAKA 1999

Sasa tuvuke karne kadhaa. Tarehe 17 Agosti 1999, saa 9 na dakika 2 usiku, tetemeko lilitokea karibu na mji wa Izmit, mashariki ya Istanbul. Watu zaidi ya 17,000 walifariki, wengi wakiwa vitandani.

Miji ile ilikuwa imekua haraka. Viwanda vilivuta watu, na watu walihitaji nyumba. Majengo ya zege ya ghorofa nne hadi saba yalijengwa kwa haraka, chini maduka, juu familia. Wataalamu walipochunguza vifusi walikuta makosa yanayorudiarudia: zege dhaifu, mahali pengine lenye mchanga wa baharini na makombe ndani yake, nondo laini badala ya zenye mikunjo, na ringi za kufunga nondo za nguzo zikiwa chache na zimeachana mno.

Lakini kosa la duka ndilo linalotuhusu hapa. Ghorofa za juu zina kuta za kugawa vyumba, na kuta hizo huzifanya ziwe ngumu. Ghorofa ya chini ni duka: vioo mbele, uwazi ndani, nguzo tu. Ardhi inapotikisika, sehemu ya juu husogea kama sanduku moja zito, na mpindo wote huangukia kwenye nguzo za dukani. Wahandisi huita hali hii ghorofa laini. Nguzo zikikatika, familia zote za juu hushuka kwa pamoja.

Katika mtaa mmoja wa kilimani katika mji wa Gölcük, watafiti wa Kituruki walihesabu majengo. Kati ya majengo 814 ya zege ya ghorofa nne hadi saba, 60 yalianguka au kuharibika vibaya. Kati ya nyumba 789 za kienyeji za ghorofa mbili hadi tatu, zilizojengwa kwa fremu za mbao zilizojazwa tofali au mawe, ni nne tu. Kweli nyumba hizo zilikuwa fupi zaidi, na hilo linasaidia. Hata hivyo mbao zake ziliyumba na kurudi, kama zilivyofanya kwa vizazi vilivyotangulia.

NA TENA MWAKA 2023

Baada ya msiba huo Uturuki ilichukua hatua. Bima ya tetemeko kwa nyumba ikawa ya lazima mwaka 2000. Sheria ya ukaguzi wa majengo ikapitishwa mwaka 2001, na kanuni za ujenzi zikafanywa kali zaidi mwaka 2007 na 2018. Hospitali kubwa kadhaa zilijengwa juu ya vifaa maalumu vinavyolitenganisha jengo na mtikisiko wa ardhi. Hospitali ya Başakşehir iliyofunguliwa Istanbul mwaka 2020 ina vifaa hivyo zaidi ya 2,000.

Sheria nzuri iliyoandikwa si sheria iliyofuatwa. Mwaka huo huo wa 2018 serikali ilitoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka vibali, na mamilioni ya maombi yakapokelewa. Kisha ikaja tarehe 6 Februari 2023. Saa 10 na dakika 17 alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria, na mchana wake likafuata jingine la 7.5. Uturuki peke yake ilipoteza watu zaidi ya 53,000, na Syria maelfu wengine. Allah awarehemu.

Uchunguzi ulipofanyika, lile jambo la duka likajitokeza tena. Yalikuwepo majengo ambayo nguzo zake za chini zilidaiwa kukatwa ili duka lipanuke au gari lipite. Mtu mmoja alitaka nafasi ya kuweka rafu za bidhaa, na nguzo aliyoiona kuwa kizuizi ilikuwa imebeba vitanda vya watoto wa watu wengine.

Na tuseme kwa uadilifu: ukongwe peke yake si kinga. Msikiti wa Habib-i Neccar wa Antakya, unaohesabiwa miongoni mwa misikiti ya kale zaidi katika nchi hiyo, ulianguka siku ile. Jiwe ni zito, na lisiposhikwa vizuri huua. Upande wa pili, katika mji mdogo wa Erzin, katika mkoa ule ule wa Hatay, hakuna jengo lililoporomoka. Meya wake alisema hawakuruhusu ujenzi usio na kibali. Wataalamu waliongeza kwamba hali ya ardhi yake nayo ilisaidia. Yote mawili yazingatiwe: ardhi unayojengea, na mkono unaojenga.

TOFAUTI IKO WAPI?

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Zama za Sinan palikuwa na duka chini, na zama zetu pana duka chini. Katika wakfu, duka lilikuwa mtumishi wa jengo. Liliubeba msikiti kwa kuta zake na kuutengeneza kwa kodi yake. Katika majengo yaliyoanguka, jengo lilifanywa mtumishi wa duka. Likatobolewa, likapunguzwa nguzo, na kodi ikaenda mfukoni bila kurudi kwenye msingi.

Tetemeko ni kadari ya Allah, wala hatuna uwezo wa kulizuia. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Nguzo imara ni ile kamba ya ngamia.

SISI NA MAJENGO YETU

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya mbali. Sisi wa Maziwa Makuu tunaishi ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika Bukavu na ng'ambo yake Rwanda, watu wakafa katika nchi zote mbili. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba, Tanzania, na mamia ya nyumba zikaanguka. Hata pasipo tetemeko, Kariakoo, Dar es Salaam, jengo la biashara la ghorofa liliporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20.

Kwa hiyo tunawashauri ndugu zetu wa kamati za misikiti na wenye nyumba:

1. Msikate nguzo wala kubomoa ukuta wa chini kwa ombi la mpangaji, hata akitoa kodi mara mbili, kabla mhandisi hajaja kuangalia.
2. Msiongeze ghorofa juu ya msingi uliowekwa kwa ajili ya nyumba ya chini.
3. Tengeni fungu la kodi kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, na liandikwe katika hati ya wakfu.
4. Awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kukagua nyufa, mabati na mifereji ya maji, na ripoti yake isomwe mbele ya waumini.
5. Hesabu za ujenzi ziandikwe, kuanzia saruji mpaka nondo, kama zilivyoandikwa Sulaymaniyya.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA MADRASA

1. Kwa nini risasi ilimiminwa kuzunguka vibanio vya chuma?
2. Ghorofa laini ni nini? Je, lipo jengo la namna hiyo mtaani kwenu?
3. Kwa nini matengenezo ya wakfu hutangulizwa kabla ya matumizi mengine?
4. Mpangaji anataka nguzo iondolewe ili duka lake lipanuke. Mngemjibu vipi?

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awarehemu waliofariki katika misiba hii, azihifadhi nyumba zetu na misikiti yetu, na atujaalie uaminifu katika kila tunachokijenga. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.